Kimanda cha jibini

Kimanda cha jibini ni mayai yaliyopigwa, yakakaangwa kwa siagi, kisha yakakunjwa yakiwa na jibini ndani. Namna ya Kifaransa hutumia mayai 2 au 3 kwa mlaji mmoja: nje kimanda huwa cha manjano, bila madoa ya kahawia, na ndani hubaki laini chenye majimaji kidogo. Jibini inayopendelewa ni Gruyère ya Uswisi au Comté ya Ufaransa. Uingereza na Marekani, Cheddar imezoeleka zaidi.

Moto ndio unaoamua kila kitu. Ute wa yai huanza kuganda karibu na nyuzijoto 62 za Selsiasi, na kiini kwenye 65 hadi 70. Joto likizidi sana, protini hujikaza, hukamua maji, na kimanda huwa kikavu kama mpira. Kwa hiyo siagi iyeyuke na kutoa povu bila kubadilika rangi, mayai yakorogwe mfululizo kikaangoni, na kikaango kiepuliwe wakati sehemu ya juu ya kimanda ingali mbichi kidogo, kwani joto lililobaki humalizia kazi.

Jibini ikwaruzwe nyembamba ili iyeyuke upesi. Ina chumvi yake, hivyo ya kuongeza iwe haba. Jibini mbichi yenye maji mengi haifai: hulowesha mayai.

Afrika Mashariki kimanda cha kawaida hutiwa kitunguu, nyanya na pilipili hoho. Jibini hupatana navyo vizuri, mradi nyanya zikaangwe kwanza zikauke maji.