Mazoezi ya nyumbani baada ya damu kuganda mapafuni

Mazoezi ya nyumbani baada ya damu kuganda mapafuni ni matembezi na mazoezi mepesi ya mgonjwa aliyetibiwa bonge la damu lililoziba mshipa wa pafu. Bonge hilo mara nyingi hutoka mguuni, na kuketi muda mrefu huongeza hatari. Njia ya misafara ya Bagamoyo–Tabora–Ujiji ilipitwa kwa miguu. Abiria wa leo huketi saa nyingi.

Kwa ruhusa ya daktari, mgonjwa huanza kutembea uani na kuongeza umbali polepole, bila kuacha dawa za kuzuia damu kuganda. Katika utafiti wa Denmark (2020) wenye wagonjwa 140, waliofuata programu ya wiki 8 nyumbani na wasioifuata walikaribiana katika uwezo wa kutembea.

Kifua kikiuma ghafla, pumzi ikikata au akikohoa damu, awahishwe hospitali; mjini Tabora ipo ya rufaa ya mkoa, Kitete.