Sindano za kidevu cha pili
Sindano za kidevu cha pili ni tiba ya urembo isiyo ya upasuaji, ya kupunguza mafuta yaliyojikusanya chini ya kidevu. Dawa yake ni asidi ya deoksikoliki, ileile iliyomo kwenye nyongo inayosaidia kumeng'enya mafuta ya chakula. Ikidungwa, huharibu kuta za seli za mafuta. Marekani iliiidhinisha Aprili 2015 kwa jina la Kybella: kikao kimoja hakizidi sindano 50 za mililita 0.2, na vikao havizidi 6, vikipishana kwa mwezi mmoja au zaidi. Kuvimba, kuvilia damu na ganzi ni kawaida. Baya zaidi ni neva ya taya kujeruhiwa, tabasamu likaenda upande.

Kwa mkazi wa Kagerankanda, wilayani Kasulu, swali la kwanza ni kama uvimbe huo ni mafuta kweli. Upungufu wa madini joto ni tatizo la kale la nyanda za juu za Tanzania, na huleta rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Rovu, tofauti na kidevu cha pili, hukaa chini zaidi shingoni na hupanda na kushuka mtu anapomeza. Sindano hizi haziligusi. Mwenye rovu anahitaji kupimwa tezi hospitalini.