Tairi la Spea: Historia ya Mzigo Unaotamani Kuuacha Nyumbani

Msomaji, tuanze na jambo ambalo huenda limeshakukuta. Umenunua gari lililotumika, limeshuka bandarini kutoka Japani, safi kabisa. Unafungua buti, unainua zulia uone tairi la spea, unakutana na kipampu kidogo cha umeme na chupa ya majimaji mazito. Spea hakuna. Aliyekuuzia anacheka: "Hayo ndiyo magari ya kisasa, bosi. Spea ya nini siku hizi?"

Kwa mizunguko ya mjini unaweza kumwelewa. Ukipata pancha Ubungo, fundi pancha yupo hatua chache mbele na kompresa yake inanguruma. Lakini tuseme wiki ijayo una safari ya kukusanya data upande wa Ziwa Natron, kwenye njia za vumbi na mawe ya volkano, mahali ambapo simu inaweza kukosa mtandao kwa saa kadhaa. Gari limejaa vifaa, maji, mahema na wenzako watatu. Tairi zima na rimu yake, kwa gari kubwa la porini, ni kilo 30 mpaka 40 hivi. Ubebe au uache?

Jibu la haraka ni "beba". Ila ukijua spea ilitoka wapi na kwa nini sasa inatoweka, utajua pia ubebe ngapi, na ufanye nini ukishaitumia. Hilo la mwisho ndilo watu wengi hulisahau.

Hewa ndani ya mpira

Tairi la upepo lilizaliwa mara mbili. Mara ya kwanza ni mwaka 1845, pale Robert William Thomson, mhandisi wa Uskoti, alipopata hataza ya gurudumu lenye hewa. Magari ya injini hayakuwepo bado, na wazo lake likasahaulika. Mwaka 1887 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Belfast, akalibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe.

Kwa nini hewa? Kwa sababu hewa ni springi. Gurudumu gumu likikutana na jiwe, lazima lipande juu ya jiwe zima, na mtikisiko wote unaingia kwenye ekseli, kwenye injini na kwenye mgongo wa abiria. Tairi la upepo linabonyea kidogo, linalimeza jiwe, linaendelea. Bei ya starehe hiyo ni kwamba springi yako sasa imefungwa ndani ya ngozi ya mpira inayoweza kutobolewa na msumari mmoja.

Ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliilipa bei hiyo hadharani mwaka 1895. Waliingiza gari lenye matairi ya upepo kwenye mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris, karibu kilomita 1,200. Pancha ziliwaandama njia nzima na wakafika nje ya muda uliowekwa. Lakini walifika, na watu wakaanza kuamini kwamba gari linaweza kukimbia juu ya hewa.

Sasa jaribu kuvaa viatu vya dereva wa miaka ile. Magurudumu yamefungwa moja kwa moja kwenye gari, hayatoki kirahisi kama ya leo. Ukipata pancha unainua gari kwa jeki, unalibandua tairi kutoka kwenye rimu kwa vyuma, unatoa tyubu, unatafuta tundu, unabandika kiraka, unarudisha kila kitu, halafu unajaza upepo kwa mkono. Mvua ikinyesha, unafanya hayo hayo ndani ya matope. Ikitokea tena baada ya nusu saa, unaanza upya.

Wazo kutoka mtaa wa Stepney

Mwaka 1904, katika mji wa Llanelli huko Wales, ndugu wengine wawili, Walter na Tom Davies, walikuja na suluhisho. Walitengeneza rimu isiyo na spoku, yenye tairi ambalo tayari limejazwa upepo. Ukipata pancha, hukugusa tairi lililoharibika. Uliifunga rimu ile ubavuni mwa gurudumu lako, ukaendelea na safari. Waliliita Stepney, kwa jina la mtaa uliokuwa na karakana yao. Mpaka leo, nchini India na Malta, ukitaka spea unaomba "stepney".

Ukitazama juu juu utaona ni kipande cha chuma na mpira tu. Lakini wazo lililomo ndani yake ni kubwa: ukarabati umetenganishwa na safari. Kabla ya hapo, tairi likiharibika safari inasimama mpaka tairi lipone. Baada ya hapo, safari inaendelea na tairi linatibiwa baadaye, kivulini, na mtu mwenye vifaa. Ni mantiki ileile ya jenereta ya hospitali. Umeme ukikatika katikati ya upasuaji, hakuna anayemsubiri fundi wa TANESCO.

Baadaye yakaja magurudumu yanayofunguliwa kwa nati chache, na gurudumu la tano likawa sehemu ya kawaida ya gari. Na angalia lugha yetu ilivyolipokea. Kwa Kiswahili "spea" ni kipuri chochote, ndiyo maana kuna maduka ya spea. Lakini uko safarini, mtu akiuliza "spea ipo?", hakuna atakayedhani anaulizia plagi.

Dar es Salaam, 1907

Historia hii ina tawi lake hapa nyumbani. Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, akiwa na nia ya kulivuka bara la Afrika hadi Bahari ya Atlantiki. Alifika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Piga hesabu: ni siku 630.

Siku 630 zinakuambia nini? Kwamba hakukuwa na barabara ya gari, wala kituo cha mafuta, wala fundi pancha. Kifaa ambacho hukukibeba kilikuwa upande wa pili wa bahari, safari ya wiki kadhaa kwa meli. Katika hali hiyo spea inaonyesha sura yake halisi. Kazi yake ni kuziba umbali ulioko kati yako na msaada. Umbali ukiwa mfupi, spea ni mzigo. Ukiwa mrefu, spea ndiyo safari yenyewe.

Mwanafizikia wa mchanga

Wengine walilishambulia tatizo kutoka upande wa pili: badala ya kubeba matairi mengi, uyatese machache uliyo nayo kidogo iwezekanavyo. Bingwa wao ni Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyesomea uhandisi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alianza kuingia jangwani kutoka Cairo kwa magari ya Ford. Mwaka 1940 aliunda kikosi cha Long Range Desert Group, na mwaka 1941 akachapisha kitabu kuhusu fizikia ya mchanga unaopeperushwa na upepo, ambacho watafiti wa matuta ya mchanga ya sayari ya Mirihi bado wanakitumia.

Moja ya mbinu za kikosi kile ilikuwa kupunguza upepo wa matairi kwenye mchanga. Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Gari la kilo 2,000 linaweka kama kilo 500 juu ya kila gurudumu, yaani nguvu ya takriban nyutoni 5,000. Upepo ukiwa 36, ambao ni kilopaskali 250 hivi, eneo linalogusa ardhi ni karibu sentimita za mraba 200. Hiyo ni theluthi moja tu ya karatasi ya A4. Shusha upepo hadi 18, eneo linakuwa karibu mara mbili, na gari linaelea pale ambapo lingezama.

Ila mbinu hii ina masharti. Tairi laini linatanua ubavu wake nje, na ubavu ndio sehemu dhaifu. Matairi mengi ya leo ni ya aina ya radiali, ambayo Michelin waliipatia hataza mwaka 1946. Mikanda yake ya chuma inalinda uso unaogusa barabara, lakini ubavu umebaki mwembamba ili ujikunje vizuri. Jiwe kali likiuchana, ile chupa ya majimaji kwenye buti haitakusaidia kitu. Imetengenezwa kwa matundu madogo ya usoni, ya msumari au skrubu. Na ukirudi kwenye lami ukiwa na upepo 18 halafu ukakanyaga mafuta, tairi litachemka na kujiua lenyewe. Kwa hiyo mbinu ya Bagnold inapunguza pancha, haiondoi.

Tupige hesabu ya kukwama

Sasa turudi kwenye safari yako. Tuseme, kwa mfano tu, njia unayopita inatoa wastani wa pancha moja kila kilomita 2,000, na safari yako ni kilomita 1,000 kwenda na kurudi. Wastani wako ni nusu pancha kwa safari. Tukitumia mgawanyo wa Poisson, ule wa kuhesabu matukio yanayotokea kwa nasibu, tunapata hivi: bila spea, uwezekano wa kukwama ni asilimia 39. Ukiwa na spea moja, unakwama pale tu unapopata pancha mbili au zaidi, na hiyo ni asilimia 9. Ukiwa na spea mbili, ni kama asilimia 1.4.

Umeona? Spea ya kwanza imekuondolea asilimia 30. Ya pili imeondoa chini ya 8, kwa uzito uleule. Ndiyo maana kwa magari mengi moja inatosha, na ndiyo maana pia kuna wanaobeba mbili. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha. Madereva wa ubingwa huo wanaruhusiwa kubeba hadi spea mbili. Kwao kila kilo inakula kasi, lakini kwenye mawe ya Naivasha wapo wanaokubali uzito kuliko kukwama.

Lakini subiri kidogo. Poisson inadhani kila pancha inajitegemea, na porini hilo si kweli. Gurudumu la nyuma hupita palepale lilipopita la mbele, kwa hiyo jiwe moja linaweza kuchana yote mawili. Tena matairi yako huenda yamenunuliwa siku moja na yamezeekea jua moja. Kwa hiyo ile asilimia 9 ichukulie kama hesabu ya mtu mwenye matumaini.

Kwa nini basi watengenezaji wanaiondoa? Kwa mazingira yao hawajakosea. Kwenye barabara kuu zenye lami safi, namba ya simu ya msaada na karakana kila mji, umbali wa kufikia msaada umekuwa mfupi sana. Kuondoa kilo kadhaa kunapunguza mafuta na kuongeza nafasi kwenye buti. Tatizo ni kwamba gari likisafirishwa kuja huku, dhana zile zinakuja nalo, ila barabara zile zinabaki kule.

Basi ufanyeje?

Beba spea kamili, ya saizi ileile ya matairi yako. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote, tairi la saizi tofauti linaweza kuumiza difu. Usifanye spea kuwa makaburi ya tairi kipara lililokushinda. Mpira huzeeka hata ukikaa bila kazi, na spea isiyo na upepo ni uzito mtupu. Kabla ya kuondoka, ishushe kweli, maana mnyororo unaoishikilia chini ya gari huwa unashika kutu. Beba jeki, spana ya nati na kipande cha ubao mpana, kwa sababu jeki bila ubao kwenye mchanga inazama yenyewe. Ongeza vifaa vya kuziba pancha na pampu. Vinafanya kazi ya spea ya pili kwa sehemu ndogo ya uzito wake.

Na lile jambo la mwisho nililokuahidi. Siku utakayofunga spea yako ya pekee, ukiwa bado una kilomita nyingi mbele, usifurahi ukasema tatizo limekwisha. Umerudi kwenye ile asilimia ya asiye na spea, tena sasa uko ndani zaidi ya pori. Kaa chini na wenzako, mpime maji, mpime umbali, na kama fundi wa karibu yuko nyuma, geuzeni gari. Data za Natron zitawasubiri.

Safari njema.