Kilimo cha Mwani katika Pwani ya Unguja

Tangu zamani watu wa pwani ya mashariki ya Unguja wameigawa bahari yao sehemu mbili. Ng'ambo ya mwamba ni mahali pa ngalawa na nyavu, nako aghalabu huenda wanaume. Ndani ya mwamba, pale maji yanapokupwa na kuacha mchanga na madimbwi, ni mahali pa wanawake: huko hutafuta pweza na chaza, na huko hufukia makumbi ya nazi hata yalainike, kisha huyaponda na kusokota kamba. Asiyeujua mgawanyo huu hataielewa historia ya kilimo cha mwani.

Mwani wenyewe haukuwa mgeni. Kwa miaka mingi watu waliuokota ule wa mwitu, wakauanika na kuuuza ng'ambo, kwa kuwa ndani yake hutolewa karagenani, yaani utomvu wa kugandisha vyakula, dawa ya meno na vitu vinginevyo. Biashara hiyo ilififia katika miaka ya 1970. Wakati huohuo wakulima wa Ufilipino, wakisaidiwa na utafiti wa Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii, walikuwa wamekwisha kujifunza kuupanda. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyepata kusoma huko Hawaii, ndiye aliyeshikilia kwamba jambo hilo lawezekana Tanzania pia. Mnamo mwaka 1989 mbegu kutoka Ufilipino zilipandwa kwa biashara katika vijiji vya Paje na Jambiani.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza, nzito kutenda. Vigingi hupigwa mchangani, kamba ikavutwa baina yake, na vipande vya mwani vikafungwa kimoja kimoja. Baada ya majuma sita hivi huvunwa na kuanikwa. Shughuli zote hufuata bamvua, maji yanapotoka sana. Siku za maji mafu shamba halifikiki. Elimu hiyo ya kupwa na kujaa wanawake walikuwa nayo tayari, wala hawakuhitaji chombo cha kuwapeleka. Wanaume nao walijaribu mwanzoni, lakini wengi waliacha walipoona malipo ni haba. Basi kilimo kikabaki mikononi mwa wanawake, na kwa fedha hizo wengi wao walisomesha watoto, wakanunua vyombo, na wengine wakajenga nyumba.

Hata hivyo, mamlaka ya bei hayakuwa kwao. Wanunuzi waliwapa wakulima kamba na mbegu, na kwa sababu hiyo wakulima walilazimika kuwauzia wao, kwa bei iliyopangwa mbali na pwani.

Msiba mkubwa zaidi ulitoka baharini. Mimea iliyoletwa ilikuwa ya aina mbili: mwani mnene, ambao wataalamu huuita Kappaphycus alvarezii, na mwani mwembamba, Eucheuma denticulatum. Ule mnene ndio wenye thamani. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 ulianza kufa katika mashamba mengi. Ncha zake zilipauka, zikalainika na kukatika. Maji ya kina kifupi yalikuwa yakipata joto kuliko unavyoweza kustahimili, na maradhi yakaupata ukiwa umekwisha kudhoofika. Wengi walibakiwa na mwembamba, ambao ni mstahimilivu zaidi lakini bei yake ni ya chini sana.

Dawa iliyopendekezwa na watafiti, miongoni mwao Dakta Flower Msuya, ni kuuhamishia mwani kwenye kina kirefu ambako maji ni baridi zaidi. Wengine, kama wanawake wa Kidoti na Paje, wamejifunza kuusaga na kutengeneza sabuni, ili thamani yake isiondoke yote pamoja na magunia.

Lakini kina kirefu kinataka chombo, na kinataka mtu ajuaye kuogelea. Na wengi wa wakulima hawa hawakufundishwa kuogelea, wala hawamiliki chombo. Kilimo kilichowafuata wanawake mahali pao sasa kinawataka watoke mahali hapo. Wasipopewa mafunzo na vyombo, mwani utahamia upande wa pili wa ule mgawanyo wa kale, na pamoja nao riziki ambayo kwa zaidi ya miaka thelathini imekuwa yao wenyewe.