Maumivu baada ya kubadilishiwa goti: Siku za kwanza nyumbani

MGONJWA aliyebadilishiwa goti jijini Kisumu, Eldoret au Nairobi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku chache tu. Anapofika Pap Onditi, katika nyanda za Nyakach, maumivu huwa bado anayo.

Saa za mwanzo humhadaa, kwani ganzi humfanya adhani ameponea. Ganzi ikiisha, kwa kawaida ndani ya siku moja, maumivu hupanda na huwa makali zaidi katika siku mbili tatu zinazofuata. Baadaye hupungua polepole, ingawa uvimbe na maumivu ya usiku huweza kuendelea kwa wiki kadhaa.

Kosa kubwa ni kuyavumilia kimya. Wazee wetu wengi, hasa wanaume, huona haya kuomba dawa. Lakini goti lisilokunjwa kwa kuogopa maumivu hushikwa na makovu ya ndani, na huenda mgonjwa akarudishwa chumba cha upasuaji ili likunjwe akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Matabibu wengi hulenga goti likunjike nyuzi 90 kufikia wiki ya pili. Hilo haliwezekani bila dawa.

Dawa humezwa kwa kufuata saa, si kwa kungoja maumivu yazidi. Msingi wake ni parasetamoli: kwa mtu mzima mwenye ini zima, gramu 1 kila baada ya saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku. Hapa pana mtego, kwa sababu vidonge vingi vya dukani vya mafua na kichwa vina parasetamoli ndani yake. Diklofenaki na aibuprofeni ni za jamii moja, na hazimezwi pamoja. Mwenye ugonjwa wa figo au vidonda vya tumbo, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, asizinunue bila kumwuliza daktari.

Mofini huogopwa kupita kiasi. Ikitumiwa kwa siku chache na kwa kipimo alichoandika daktari, hatari ya uraibu ni ndogo. Hufunga choo, kwa hivyo maji na mboga zisikosekane. Mgonjwa akisinzia kiasi cha kutoamshika, apelekwe hospitali mara moja.

Barafu husaidia sana. Hata ile ya wachuuzi wa samaki yafaa, mradi itiwe katika mfuko usiovuja na kuzungushiwa kitambaa, kwa dakika 20 hivi. Mto uwekwe chini ya kisigino, kamwe usiwe chini ya goti, kwani goti litazoea kupinda. Choo cha shimo kiwekewe kiti kilichotobolewa. Safarini, dawa imezwe nusu saa kabla ya kupanda matatu.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au maumivu yaliyokuwa yakipungua yakirudi kwa ghafla, asingojee siku ya kliniki. Akishikwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, huenda damu iliyoganda imefika mapafuni, na hapo ni dharura.