Seva ya Busia ikikataliwa na ya Mombasa: mahali pa kuanza kutafuta

Mawakala wa forodha na wasafirishaji wa Tiira, Busia, Malaba na Tororo wengi wana kompyuta za aina mbalimbali: Mombasa seva ya Linux, mpakani mashine ya Windows. Ofisi ya mpakani hutuma amri kwa njia ya SSH ili seva ya Mombasa itoe orodha ya mizigo. Amri ikikataliwa, lori hubaki kwenye foleni na dereva anaomba pesa ya chakula.

Mifumo isiyofahamiana si jambo geni hapa. Kenya ilianza kutumia Simba mwaka 2005 huku Uganda ikiwa na ASYCUDA, ikabidi iundwe RADDEx ya kupitisha taarifa za forodha kati yao.

Soma ujumbe kwanza. "Connection timed out" maana yake hamjafikiana, basi angalia mtandao. "Permission denied" maana yake mmefikiana ila hukubaliwi. Hapo usihangaike na mashine unayotokea peke yake, kwa kuwa sababu huandikwa na ile inayokataa. Mwombe mtu wa Mombasa afungue /var/log/auth.log, au /var/log/secure kwa Linux za jamii ya Red Hat. Wewe rudia amri kwa ssh -v uone ni ufunguo gani unaotolewa.

Mara nyingi kosa ni jina tu. Usipotaja jina la mtumiaji, SSH hupeleka lile uliloingilia kwenye mashine yako, na huenda Mombasa halipo kabisa.

Kisha ruhusa za mafaili. Linux hukataa ufunguo ulio sahihi iwapo watu wengine wanaweza kuandika ndani ya folda yake. Weka 700 kwa folda ya .ssh na 600 kwa authorized_keys. Amri ikielekea upande wa Windows, kwenye akaunti ya msimamizi, faili hilo halisomwi kwa kawaida. Linalosomwa ni administrators_authorized_keys ndani ya C:\ProgramData\ssh. Hili limewapotezea watu siku nzima.

Ikiwa ilifanya kazi jana na leo imegoma baada ya seva kuboreshwa, shuku umri wa programu. OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021 iliacha kukubali sahihi za RSA zinazotumia SHA-1. Ufunguo wa RSA wenyewe haujaharibika. Boresha programu ya upande uliozeeka.

Amri ikikubali kwa mkono lakini ikagoma inapojiendesha usiku, huenda ufunguo unadai neno la siri na hakuna mtu wa kuliandika.

Onyo kwamba utambulisho wa seva umebadilika ni jambo jingine. Wengi hufuta mstari wa zamani na kuendelea, kwa sababu lori linasubiri. Huenda seva imebadilishwa kweli, huenda mtu amejiweka katikati akisubiri hati zako. Piga simu Mombasa kwa namba unayoijua, msomeane alama ya ufunguo herufi kwa herufi, ndipo ukubali.