Malawi: Ugomvi wa nyumbani unapokuwa kesi ya jinai

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, mume na mke wanapokosana hatua ya kwanza kwa kawaida ni kuwaita wazee, mchungaji au shehe. Suluhu ya namna hiyo ina heshima yake, na kwa mengi inatosha. Hata hivyo, yapo mambo ambayo sheria ya Malawi haiwaachii wazee.

Dzaleka, iliyo kiasi cha kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe, ilikuwa gereza kabla ya kufunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Leo ina wakazi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ndoa iliyofungwa kihalali Bukavu au Bujumbura haivunjiki kwa kuvuka mpaka: Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Malawi imejiunga nao, unataka haki za ndoa zilizopatikana kabla ziheshimiwe. Ndoa mpya ni jambo jingine, kwani hiyo hufuata sheria ya nchi ya makazi.

Sheria ya Ndoa, Talaka na Mahusiano ya Familia ya mwaka 2015 iliweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18. Katiba ilikuwa bado imeacha mwanya wa kuoana kuanzia miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwanya huo ulizibwa mwaka 2017. Kwa hiyo baba anayepokea mahari ya binti wa miaka 16 hawezi kujitetea kwamba ndiyo desturi ya kwao, na kumlazimisha mtoto aolewe ni kosa la jinai. Walioishi pamoja bila kufunga ndoa nao hawakusahauliwa: mahakama inaweza kuwatambua kuwa wanandoa, ikitazama pamoja na mengine kama wameishi hivyo kwa angalau miaka mitano.

Tofauti ya msingi ni hii. Katika shauri la madai, kama matunzo au malezi ya watoto, mwenye shida ndiye anayeiendea mahakama, naye anaweza kuliondoa shauri lake. Katika jinai, mshtaki ni dola. Mwanamke aliyepigwa, akaripoti polisi, kisha akapatanishwa na wakwe, hana mamlaka ya kuifuta kesi. Uamuzi huo ni wa waendesha mashtaka. Familia nyingi hushangaa hapa, na si ajabu, kwa kuwa barazani msamaha wa aliyekosewa ndio mwisho wa neno.

Anayehitaji ulinzi bila kutaka mwenzake afungwe ana njia nyingine. Sheria ya Kuzuia Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2006 inamruhusu kuomba mahakamani amri ya kumlinda, na ukatili unaotajwa humo si wa ngumi peke yake: kutesa kwa maneno na kumnyima mtu riziki vimo pia. Katika vituo vya polisi, kitengo kiitwacho Victim Support Unit ndicho hupokea malalamiko haya. Vivyo hivyo, ndugu wa marehemu wanaomnyang'anya mjane vyombo na mali hutenda jinai, kwa sheria ya mirathi ya mwaka 2011.

Kwa wanaokwenda Lilongwe kutafuta riziki, hofu kubwa ni kukamatwa. Malawi inawataka wakimbizi waishi kambini. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa mijini warudi Dzaleka kabla ya Aprili 15, na mwezi Mei polisi waliwakusanya mamia, wakiwamo watoto. Kibali cha kutoka kambini, basi, si karatasi ya kuachwa nyumbani.

Akiisha kukamatwa, mtu yeyote, raia au mgeni, analindwa na kifungu cha 42 cha Katiba. Ni lazima aelezwe bila kuchelewa sababu ya kushikiliwa, kwa lugha anayoielewa. Anaweza kunyamaza, na anaweza kuonana na wakili. Akituhumiwa kwa kosa, afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama muda huo ukiishia mwishoni mwa wiki. Dhamana ya polisi hailipiwi.

Kwa msemaji wa Kiswahili, neno lugha ndilo zito kuliko yote. Mahakama za Malawi huendeshwa kwa Kiingereza, na Kichewa ndicho husikika vituoni. Katiba inampa mshtakiwa haki ya mkalimani kwa gharama ya serikali, lakini asiposema kwamba haelewi, kesi inaweza kuendelea bila mkalimani. Ni vyema aliseme hilo tangu kituoni, kabla ya kutia saini maelezo asiyoweza kuyasoma. Asiye na fedha za wakili anaweza kuomba msaada katika Legal Aid Bureau, taasisi ya serikali yenye ofisi Lilongwe.